Akiba ya Vidole Viwili

Fundi hakuwa mtu wa kukosea vipimo. Hilo lisemwe mapema, maana haya yanayofuata yanaweza kumvunjia heshima mtu aliyeshona suti za maharusi, sare za wazimamoto, na joho la hakimu mmoja mnene ambaye mafundi wengine wote mjini walimkimbia. Miaka ishirini na nane alikaa nyuma ya cherehani katika nchi ya watu, tepu shingoni na pini mdomoni, na hajawahi kurudishiwa suruali.

Ila hakuna asiye na kasoro. Yake ilikuwa vidole viwili. Kila alichokipima alikiongezea vidole viwili kila upande, akiba ya mshono, ili mwenye nguo akinenepa ifumuliwe na kuachiwa kidogo. "Akiba haiozi," alikuwa akisema huku akipiga mstari wa chaki, na kwa kitambaa alisema kweli tupu. Ubaya ni kwamba mkono ukishazoea jambo hauulizi tena kama kilicho mbele yake ni kitambaa.

Mkewe alikuwa nesi wa zamu ya usiku katika hospitali kubwa, na kila mtu alimwita Nesi, hata Fundi mwenyewe, hata siku za ugomvi. Maisha yao mjini yalikuwa chumba kimoja: mbele duka la kushonea, nyuma kitanda, katikati pazia. Asubuhi Nesi aliporudi kazini hoi bin taabani, Fundi ndiyo kwanza anafungua duka. Mke akalala nyuma ya pazia, mume akakanyaga cherehani mbele yake, wateja wakaingia na kutoka wakibishana juu ya urefu wa mikono. Fundi aliwawekea kidole mdomoni: shii, kuna mtu amelala. Wakanong'ona dakika mbili, kisha wakasahau.

Siku moja mzee aliyekuja kujaribu suruali alifungua pazia akidhani ni mahali pa kubadilishia nguo, akamkuta Nesi amelala kinywa wazi. Nesi alilicheka jambo hilo wiki nzima, akawasimulia hata wagonjwa. Kisha jioni moja, akifunga kamba za viatu vya kazi, akasema bila kucheka, "Mume wangu, ipo siku mimi nataka kulala mahali penye mlango."

Fundi alilisikia hilo, na lilimkaa rohoni.

Basi walipopata nyumba ya shamba, mwendo wa saa mbili kwa basi kutoka mjini, aliona dua imejibiwa. Ilikuwa nyumba ya mawe, kuta nene, paa linalovuja mahali patatu tu, jikoni pakubwa penye jiko la kuni, na nyuma kabisa chumba cha kulala kinachotazama miti ya matunda iliyoachwa ikaota ovyo. Chumba hicho hakikuwa na mlango. Mwenye nyumba wa zamani, kwa maneno ya majirani, aliupasua ukawa kuni mwaka mmoja wa baridi kali. Likabaki tundu.

Fundi alihamia kwanza, yeye na cherehani yake, ili aitengeneze nyumba. Nesi alibaki mjini kumalizia mwaka wake wa mwisho kazini, akawa anakuja kila baada ya wiki mbili. Mpango ulikuwa mzuri. Haukuwa na mbwa ndani yake, basi.

Mbwa wa kwanza, Fundi na Nesi waliuziwa pamoja na nyumba bila kuambiwa. Alikuwa mzee, rangi ya majivu, mkubwa kama robota la mitumba, amejilaza katika tundu lile la mlango, kichwa chumbani, mkia ukumbini. Muuzaji alisema angekuja Jumapili kumchukua. Jumapili hiyo haijafika mpaka leo. Fundi alimwita Mwenye Nyumba, kwa sababu alikuwa na haki kuliko wao, na kila aliyetaka kuingia chumbani ilibidi amruke kwanza.

Wawili wengine Fundi aliwaokota mwenyewe kituo cha basi, ndani ya boksi la sabuni lililolowa mvua. Alimwambia Nesi kwa simu kuwa amepata kambwa kamoja. Hakusema uongo, alikuwa ameanza na kamoja. Kiraka alikuwa na doa jeusi jicho la kushoto na tabia ya kuingia kila mahali bila hodi. Kifungo, dada yake, alikuwa mdogo wa mviringo, mpenzi wa viatu vya watu. Fundi aliwapenda wote watatu kipumbavu kabisa. Aliwapikia. Aliwaeleza mipango ya siku. Akijigonga kidole kwa nyundo, aliwaangalia kwanza wao kama wameona.

Nesi hakuwachukia, lakini alikuwa akija kulala, na kulala ndiko kulikoshindikana. Godoro lilitandikwa jikoni kwa kuwa chumbani kulikuwa wazi kama sokoni, na jikoni nako mbwa walijua njia. Aliamka ulimi umo sikioni, na haukuwa wa mumewe. Alivaa kiatu akakuta Kifungo ameshakipunguza. Akavumilia miezi kumi, ndipo Jumapili moja akaweka kikombe mezani taratibu.

"Sikiliza, baba watoto. Nastaafu tarehe thelathini. Zamu ikiisha asubuhi napanda basi, nakuja. Nikikuta mlango, naingia, nafunga, nalala, ndiyo nimefika kwangu. Nikikuta tundu, nakunywa chai, nawaaga mbwa wako, napanda basi la saa nane naenda kwa binti yetu. Kule kuna chumba kina mlango na ufunguo wake. Kitanda ameshatandika."

"Kwenda kutembea?"

"Kwenda kukaa."

"Na mimi je?"

"Wewe si una wenzako watatu?"

Alisema kwa upole, na upole ndio uliomtisha Fundi. Nesi akipaza sauti, ujue mambo bado yanajadilika. Akiongea polepole namna ile, kama anayemweleza mgonjwa dawa za kumeza, basi ameshaamua.

Kesho yake Fundi alikwenda kwa Seremala, ng'ambo ya kilima, mtu mrefu mwenye penseli sikioni na maneno machache. Waliongea lugha ya pale, ambayo Fundi hata baada ya miaka yote ile aliizungumza kama mtu anayetembea na kiatu kimoja: alifika, ila kwa kuchechemea.

"Nitakuja kupima," alisema Seremala.

"Kupima?" Fundi aliguswa pabaya. "Ndugu yangu, mimi nimepima watu miaka ishirini na nane, na watu wanapumua. Tundu halipumui. Vipimo hivi hapa."

Akampa karatasi. Seremala aliisoma, akataka kusema neno, akalimeza.

Mlango uliletwa siku kumi na moja kabla ya tarehe thelathini, juu ya trela, umefungwa mablanketi. Ulikuwa mlango wa haki: mbao ngumu, fremu yake, bawaba tatu, komeo la shaba upande wa ndani. Fundi aliupapasa kama anayechagua kitambaa cha suti, akaona hauna hitilafu. Wakaunyanyua wawili, wakamruka Mwenye Nyumba, wakausimamisha penye tundu.

Haukuingia. Ulilifunika tundu lote na kubaki.

Seremala alitoa tepu yake ya chuma. Akapima tundu, akapima mlango, akasoma karatasi, akapima tena tundu.

"Umeongeza vidole vinne upana," alisema. "Vinne urefu."

"Viwili kila upande," Fundi alimsahihisha, kisha akajisikia alichokisema.

"Vya nini?"

"Vya mshono."

Seremala alimtazama kwa muda mrefu. "Mlango hauna mshono," alisema.

Kiraka naye akaunusa mlango mgeni, akainua mguu, akaukaribisha rasmi.

Fundi aliuliza kama hauwezi kukatwa. Seremala akamwonyesha pembeni, mahali ambapo kila ubao umeingiza ulimi wake ndani ya mwenzake: ukikata hapo unakata ndimi zote, na mlango utasimama miezi mitatu kabla haujaanguka kipande kipande. Mwingine mpya ungechukua mwezi. Kisha akapiga ukuta kwa kiganja, kushoto na kulia, akasikiliza.

"Panua tundu," alisema. "Toa mawe upande wa kushoto tu, kisha upange upya. Linta, boriti ya juu ya tundu, iwekee nguzo mbili, isikuangukie. Kulia usiguse. Ukigusa kulia, utalala unaangalia nyota. Na juu hapapandi, kwa hiyo chimba chini." Alikuwa na paa la shule la kumaliza, angerudi tarehe ishirini na tisa kufunga fremu, kama kutakuwa na mahali pa kuifunga.

Alipoondoka, Fundi alikaa sakafuni karibu na Mwenye Nyumba. "Nimejimaliza mwenyewe," alimwambia. "Kwa mkono wangu huu." Mbwa akavuta pumzi ndefu, akaiachia.

Asubuhi alianza na nyundo kubwa, kama alivyoona wanaume wakifanya. Akapiga pigo moja. Ukuta ukatikisika, kipande cha dari kikamwangukia begani, Kiraka na Kifungo wakatimkia bustanini. Fundi akaiweka nyundo chini na kufikiri kama fundi. Nguo aliyokosea mtu haipasuliwi. Inafumuliwa.

Akaleta kigoda, patasi nyembamba na nyundo ndogo. Akaukwangua udongo wa zamani kati ya mawe, taratibu, uzi kwa uzi, hadi jiwe likalegea. Akalitoa, akaliandika namba kwa chaki yake ya kushonea, akalilaza juu ya shuka ukumbini kwa mpangilio uleule liliotoka nao. Siku ya kwanza alitoa mawe manne. Ya pili, tisa. Kazi hiyo aliipenda kuliko alivyotegemea. Alikuwa anaelewa ukuta sasa. Aliona mahali ambapo mwashi wa kale alikuwa na haraka, na mahali ambapo bila shaka alikuwa ameshiba. Jiwe namba saba lilipotea nusu siku nzima, likapatikana ndani ya kiatu, na Kifungo akakana mashtaka.

Mwenye Nyumba hakukubali kuhama. Kila asubuhi Fundi alimviringisha juu ya blanketi, akamburuta mpaka jikoni, na kabla chai haijapoa mzee alikuwa amesharudi tunduni pake. Mwishowe wakaelewana. Fundi alifanya kazi juu yake, na jioni alimpangusa vumbi kwa brashi ya makoti. Shughuli hiyo waliizoea hata ukawa ndio wakati wao wa maongezi.

Siku ya nne mvua ilianza, ya kimyakimya isiyo na haya. Udongo wa kupangia mawe ukagoma kukauka. Bega la Fundi likawa gumu. Tundu sasa lilikuwa kubwa kuliko mwanzo, lina meno upande mmoja na nguzo mbili katikati, na siku zilizobaki zilikuwa saba. Simu ikalia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

"Baba, mama ameniuliza kama dirisha la chumba lina pazia zito. Sijui nielewe nini. Anakuja kwangu au anakuja kwako? Nataka kununua mito."

Fundi aliangalia nguzo zake. "Mto mmoja hauozi," alisema.

"Baba!"

"Ngoja kidogo, mwanangu. Usinunue kwanza. Ngoja."

Lakini neno moja lilibaki naye baada ya simu kukatika, na lilikuwa lile neno ambalo hakupaswa kubaki nalo. Pazia. Alikuwa na jora la kitambaa kizito cha kijani, salio la kazi ya hoteli. Alikuwa na bitana. Alikuwa na pete za shaba. Siku zote hizi amehangaika na mbao na mawe, vitu visivyomjua, na hapa kuna kazi ambayo mikono yake ingeifanya macho yakiwa yamefumba. Saa mbili na nusu tu, pazia likawa tayari, na lilikuwa zuri, acha niseme ukweli. Lilishuka mpaka sakafuni bila mkunjo mmoja wa makosa. Alilining'iniza, likaficha nguzo, likaficha meno ya ukuta, likaficha aibu yake yote. Fundi akavuta kigoda akae alitazame. Nesi atasema nini? Atasema kitambaa hiki ni cha heshima. Atasema umejitahidi.

Kifungo akapita chini yake akiwa na soksi. Kiraka akapita katikati, akatoka, akaingia tena, akachungulia. Mwenye Nyumba akaliinua kwa pua, akapitisha kichwa, akalala nalo limemkaa mgongoni. Kifungo akatoka akifukuzwa na Kiraka, pete zikapiga kelele kwenye fimbo.

"Shii," alisema Fundi, kidole mdomoni.

Kidole kikabaki palepale. Alijiona. Miaka ishirini na nane alikuwa amefanya vilevile, akijidhania mume mwema, na nyuma ya pazia kulikuwa na mtu aliyechoka ambaye hakuomba kitambaa cha heshima. Aliomba mlango. Fundi aliona aibu, aibu ya kweli, ile ya mtu mzima ambaye hana wa kumsingizia. Akasimama, akalishusha pazia, akalikunja mara nne na kulizika chini kabisa ya sanduku la nguo za baridi. Kisha akaenda kuwasha moto katika ndoo mbili za bati, akaziweka miguuni mwa ukuta ili udongo ukauke, akachukua jiwe namba moja.

Sitaki kumchosha mtu na hizo siku saba. Mawe yalirudi. Mengine hayakuenea, ikabidi yakatwe. Namba kumi na mbili lilipasuka, nafasi yake ikapewa jiwe la bustanini ambalo halikuwa na ukoo na wenzake. Kisha akachimba. Linta ilikuwa haipandi, basi chumba kikashuka: ndoo baada ya ndoo ya udongo ikatoka kupitia dirishani, Kiraka akichimba kando yake kwa moyo wote, mara nyingi mahali pasipotakiwa. Vidole vinne, alisema Seremala. Fundi alichimba kizingitini na chumba kizima, akaisindilia sakafu, akalaza vigae, akasawazisha.

Tarehe ishirini na tisa Seremala alifika, akaukagua ukuta wa kushoto kwa timazi. Hakusema kitu, ila alitoa penseli sikioni na kuirudisha, jambo ambalo kwake yeye lilikuwa sifa. Fremu ikaingia. Mlango ukaning'inizwa. Ukafunguka bila mlio, ukajifunga kwa sauti ndogo nzito, na Fundi akahisi machozi yanamlenga.

Kisha Seremala akapiga magoti. Chini ya mlango kulikuwa na mwanya wa vidole viwili, na ndani ya mwanya huo ilikuwapo pua ya Kifungo.

"Na hii?"

"Akiba," alisema Fundi.

Seremala alikaa chini sakafuni, akacheka mpaka penseli ikamdondoka. Akaahidi kuleta ubao wa kuziba mwezi ujao, akaenda zake akicheka kilima chote.

Tarehe thelathini, saa tatu asubuhi, Nesi alishuka basi na mabegi mawili na saa ya ukutani, zawadi ya wenzake, kana kwamba hajatazama saa ya kutosha maisha yake yote. Fundi alimpokea kituoni na mbwa wawili. Walipofika nyumbani, Nesi aliyaweka mabegi ukumbini, karibu na njia ya kutokea, na Fundi aliliona hilo.

Nesi akauendea mlango. Aliukagua kama mgonjwa wa kupokea wodini: aliugusa, akaugonga, akazisikiliza bawaba. Akaufungua na kuufunga mara tatu. Akashuka hatua moja isiyokuwapo zamani, akatazama chini, akatazama ukuta wa kushoto na lile jiwe lisilo na ukoo.

"Mbona chumba kimezama?"

Fundi akamweleza yote, kasoro pazia. Alipofika penye mshono, Nesi aliziba mdomo kwa kiganja.

"Gauni langu la harusi nililikunja kiunoni kwa pini nne," alisema. "Sikukwambia. Nilitembea kama mtu mwenye chango."

"Miaka yote hiyo!"

"Ulikuwa umelishona kwa furaha, ningekwambiaje?" Alipiga miayo, mkono ukutani. "Ngoja nilale."

Akaingia. Akaufunga mlango. Komeo la shaba likalia, kha, na Fundi akabaki upande wa pili na mbwa watatu wanaomtazama.

Hakuwa amesema anakaa. Mabegi yalikuwa palepale ukumbini, na basi la saa nane halijawahi kuchelewa. Fundi alivuta kigoda. Alikuwa ameifunika cherehani kwa blanketi tangu asubuhi, amezima redio, ameondoa hata birika jikoni lisije likapiga mluzi. Kiraka alitaka kubweka, akawekewa kidole mdomoni. Nyumba ikawa kimya, kimya cha shamba, ambapo mtu anasikia tunda likianguka nje. Akakaa saa nzima bila kujitikisa. Ikapita nyingine. Hii ndiyo zawadi yangu, alijiambia. Leo amelala kweli.

Saa tano na nusu komeo likalia tena. Nesi alisimama pale amejifunga shuka, macho mekundu.

"Siwezi kulala."

Moyo wa Fundi ulishuka kuliko sakafu aliyoichimba. "Mbwa?"

"Mbwa wametulia. Kuna pua ya mtu chini ya mlango, lakini hainisumbui."

"Upepo unaingia? Kitanda kibaya?"

"Mlango mzuri, kitanda kizuri." Alijikuna kichwa, akaonekana kama anayeona haya. "Cherehani iko wapi?"

"Nimeifunika. Ili ulale."

"Mimi nalala na kitu gani masikioni, wewe mwanamume? Miaka ishirini na nane nimelala na hiyo takataka inakwenda tka tka tka. Nimelala humo ndani namsikiliza mtu amekufa. Nikajiuliza mara tatu kama nije nikupime mapigo."

Fundi alimtazama. Kwa mara ya kwanza alijua kwamba hahitaji kuongeza kitu.

"Shona kitu," alisema Nesi.

"Sina cha kushona."

"Umeshona maisha yako yote, leo nimestaafu ndiyo umeishiwa?"

Hapo ikabidi. Akaenda kwenye sanduku la nguo za baridi, akachimbua, akarudi na ule mzigo wa kijani umekunjwa mara nne. Nesi alishika pindo, akaziona pete za shaba, na uso wake ukabadilika.

"Hili ni pazia."

"Ndiyo."

"Lilikuwa la hapa?"

"Saa moja tu. Nililining'iniza, nikaliona, nikalishusha. Nisamehe, mama. Si kwa saa hiyo moja. Kwa ile miaka."

Nesi alilipapasa pazia, akalipima uzito mkononi, kisha akamtazama Mwenye Nyumba, aliyekuwa ameshaingiza kichwa chumbani na kuacha mkia ukumbini, kama sheria yake ilivyotaka.

"Huyu analala juu ya vigae, na mifupa yake hiyo," alisema hatimaye. "Wakatie magodoro." Akaelekea kitandani, akageuka. "Na hayo mabegi yangu yanangoja nini huko nje? Yalete."

Fundi aliyaleta, moja moja, kwa heshima, akayaweka miguuni mwa kitanda. Alipotoka, Nesi alimwita.

"Usifunge. Urudishie tu."

Akaurudishia, ukaacha upenyo wa kutosha kichwa cha mbwa mzee. Akaifunua cherehani, akaisogeza mpaka karibu na ukuta wa kushoto, akatandaza kitambaa cha kijani sakafuni. Alimpima Mwenye Nyumba kuanzia pua hadi mkia, akapiga chaki, akaongeza vidole viwili kila upande. Kisha akakanyaga.

Kabla hajamaliza upande wa kwanza, mkoromo ulianza chumbani, mzito, wa mtu aliyelipwa deni la usingizi. Kifungo akalala juu ya mguu wake usio na kazi. Fundi alishona polepole kuliko kawaida, kwa kuwa kitambaa kilikuwa kidogo na mchana ulikuwa mrefu. Basi la saa nane lilipita huko barabarani, likapiga honi, likaenda.

Penye kona ya mwisho uzi wa chini uliisha, cherehani ikanyamaza. Mkoromo nao ukakatika.

"Mbona umesimama?" sauti ya usingizi iliuliza.

"Uzi umeisha."

"Si uweke mwingine."

Akaweka mwingine.